Ng'ombe Asiye na Pembe

Mume wangu alirudi kutoka kambini amekumbatia kigoda. Siongezi chumvi. Kigoda cha miguu mitatu kifuani, kiatu kimoja mguuni, na vumbi mpaka kwenye kope. Ng'ombe kumi na mmoja hawapo, sufuria hazipo, mablanketi hayapo, kigoda kipo. Nikasimama mlangoni namwangalia, nikataka kucheka, nikataka kulia, nikaishia kumuuliza, "Na punda wangu yuko wapi?"

Akakiweka kigoda chini, akakikalia, akaomba maji ya kunywa. Na maji hayakuwepo, kwa sababu aliyekuwa akiyaleta ni huyo punda.

Miaka hiyo ya tisini ng'ambo ya ziwa kulikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Sisi havikutuhusu. Tulikuwa Kasokola tunalima mahindi na karanga, watu tuliohama kutoka Usukumani na ng'ombe wetu mbele na watoto mgongoni, na habari za vita tulizisikia redioni kama watu wengine. Lakini kila kiangazi majani yakikauka, wanaume wetu walishusha ng'ombe mabondeni upande wa ziwani, wakapiga kambi huko mpaka mvua zirudi. Kiangazi hicho watu wenye bunduki wakavuka maji, wakaikuta kambi asubuhi watu wanakunywa uji, wakaswaga kila chenye miguu minne. Mtu hawakumgusa. Wanaume walilala kifudifudi kwenye majani mpaka kwato zikaacha kusikika. Mume wangu alikuwa amekalia kigoda wakati bunduki ya kwanza inalia. Alipoinuka kukimbia aliinuka nacho, na kwa nini alikibeba siku tatu njia nzima, hilo hajawahi kulieleza mpaka leo.

Nilishukuru Mungu amerudi mzima. Nilishukuru kabisa, machozi yalinitoka. Halafu jioni hiyohiyo nikakasirika, na hasira ile ilikaa nami karibu mwaka mzima.

Maana punda alikuwa wangu. Kwetu ng'ombe ni wa baba mwenye nyumba. Mwanamke unakamua, unaosha vibuyu, unagandisha maziwa, lakini ukisema "ng'ombe wangu" watu wanageuka kukutazama. Punda ni habari nyingine. Yule nilimnunua kwa karanga za misimu mitatu, karanga nilizokaanga mwenyewe na kuwauzia abiria pale stesheni ya Mpanda, dirisha kwa dirisha. Alikuwa dume, wa kijivu, sikio la kushoto limechanika. Kila alfajiri alilia mpaka majirani wakaacha kununua saa. Alikuwa na kiburi pia. Kwenye kile kidaraja cha magogo alikuwa anagoma kabisa, unamsukuma, unamtukana, unamwomba, hatoki, mpaka umpe maganda ya karanga. Lakini akishavuka anabeba madumu manne ya maji kwa safari moja, na mimi natembea nyuma yake mikono mitupu, naimba. Kamba yake niliitundika jikoni kwangu kwenye msumari, na aliyemtaka alikuja kuomba kwangu.

Mume wangu hakuomba. Siku wanahamia kambini mimi nilikuwa shambani. Akaingia jikoni, akachukua kamba, akampakia punda masufuria na mablanketi yao, akaacha ujumbe kwa mtoto kwamba ni siku kumi tu. Siku kumi!

Basi nikarudi kwenye ndoo ya kichwani. Kisima kilikuwa mbali, na nilikuwa na mtoto wa mgongoni anayenivuta nywele. Safari tano, safari sita kwa siku. Shingo iliingia mabegani, kiuno kikawa hakinyooki mpaka nishike ukuta. Nilikichukia kile kisima, na nikitoka huko nikimkuta bwana mkubwa ameketi, nilikuwa namuuliza, "Kigoda hakijambo?" Wageni wakija nasema, "Karibuni, kaeni popote, ila hicho msikikalie, kimetoroka vitani." Alikuwa anavumilia. Afanye nini?

Siku moja mtendaji wa kijiji akapita na kipaza sauti. Serikali imekubali kuwafidia wafugaji walioporwa. Mitamba, yaani ng'ombe jike wadogo ambao hawajazaa, watatoka kwenye shamba la serikali na kuletwa kwa treni mpaka Mpanda. Kila aliyepoteza aje shuleni kujiandikisha. "Mnyama kwa mnyama!" akatangaza. "Mnyama kwa mnyama!"

Nililidaka neno hilo. Hakusema ng'ombe kwa ng'ombe, alisema mnyama. Na punda kama si mnyama, ni mjumbe wa nyumba kumi?

Nikaingia ndani kwa furaha, nikamkuta mume wangu ameshika kichwa. Nikamuuliza kulikoni, mbona watu wanashangilia na wewe umekaa kama uliyefiwa. Akasema, "Wanafuata kitabu."

Hapo nikaelewa. Kijiji kilikuwa na kitabu cha mifugo, cha kodi. Kila mwaka mtendaji alizunguka anaandika ng'ombe, na kila mwaka, siku hiyohiyo, ng'ombe wa mume wangu walikuwa wamekwenda kuchunga mbali sana. Zizini alibakiza wanne waliochoka, mmoja anakohoa, na yeye mwenyewe amevaa shati lililopasuka. "Ndio hawa tu, bwana mtendaji, tumebaki na hawa." Jioni kwenye pombe anawasimulia wenzake, wanapigana mabega kwa kicheko. Sasa kitabu kile kile ndicho kinatumika kulipa. Kumi na mmoja waliporwa, kitabu kinasema wanne.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilicheka, nikanyamaza, nikamwangalia, nikaanza upya.

"Unacheka nini na mali imepotea?"

"Nawacheka wale saba," nikamwambia. "Kumbe hawakuporwa. Bado wamekwenda kuchunga mbali sana."

Akaacha kuongea na mimi siku mbili. Siku ya tatu akaja na sauti ya asali. Mume wangu akiniita "mayu" kwa upole, ile mama ya Kisukuma, najua ana njaa au ana shida.

"Mayu, yule punda."

"Amefanyaje?"

"Hayumo kwenye kitabu cha kodi, punda hawalipiwi. Lakini walitangaza mnyama. Tukaseme alikuwa ng'ombe. Ng'ombe mgeni, aliingia zizini baada ya kitabu kufungwa. Jirani zetu watatushuhudia. Nitapata wa tano."

"Utapata nani?"

"Tutapata."

"Ulisema nitapata."

"Ulimi umeteleza."

Nikamwambia sikiliza, baba. Punda wangu umemchukua bila kuomba, umempoteza, na sasa unataka afe mara ya pili kwa kuitwa ng'ombe, tena ng'ombe wako. Mimi nataka punda. Nataka mgongo wangu. Nitakwenda shuleni na mdomo wangu huu, nitasema punda, nitamwandikisha mimi, na usithubutu kunitangulia.

Alinitangulia. Nilimkuta darasani, ameshawaandikisha wale wanne, ananisubiri pembeni ya meza kama wakili wangu.

Karani alikuwa kijana wa Kifipa kutoka mjini, mpole, viatu vyake vipya vimejaa tope mpaka unamwonea huruma. Alikuwa na fomu zilizopigwa chapa. Akaniambia, "Shikamoo mama, karibu. Umepoteza nini?"

"Marahaba. Punda."

Akaangalia fomu. Akaigeuza nyuma. Akairudisha. "Mama, hapa kuna ng'ombe, mbuzi na kondoo. Punda hayumo."

"Mwingize."

"Fomu imetoka juu, mama. Siwezi kuongeza."

"Mlisema mnyama kwa mnyama."

"Ni kweli."

"Basi niandikie mnyama."

Mume wangu akakohoa. "Bwana karani, huyo mama amechanganyikiwa kidogo, ni huzuni. Alikuwa ng'ombe. Andika jina langu."

Nyie, niliwaka! Darasa zima liligeuka. Nikamwambia karani amuulize huyu bwana kamba ya huyo ng'ombe wake ilitundikwa jikoni kwa nani. Amuulize maganda ya karanga alikuwa anampa nani. Amuulize alimnunua wapi. Mjumbe wetu wa nyumba kumi, aliyekuwa amekaa kwenye dawati dogo la darasa la kwanza na magoti yake masikioni, akasema taratibu, "Punda ni wa mama. Hilo wote tunalijua." Mume wangu akaangalia dirishani.

"Haya," karani akasema. "Jina la mwenye mali?"

Nikamtajia kama ninavyoitwa, Mama fulani, jina la mtoto wangu wa kwanza.

"Hilo ni la mtoto. Lako wewe."

Ilikuwa kama nimeulizwa sindano niliiweka wapi mwaka juzi. Jina ninalo, nilipewa na bibi yangu mzaa mama, lakini lilibaki kwetu na wasichana niliocheza nao. Tangu nizae hakuna aliyeniita. Hata kwenye madarasa ya watu wazima nilikojifunzia kusoma, mwalimu alituandika Mama nani na Mama nani. Mume wangu ndiyo kabisa, akishiba mimi ni "we mwanamke". Nikalitaja kwa sauti ndogo. Lilitoka geni mdomoni.

"Linaandikwaje?"

"Sijui, mwanangu. Sijalitumia siku nyingi."

Akaandika alivyosikia. Kisha akaanza kuuliza alama. Rangi? Kijivu. Dume au jike? Dume. Masikio? Marefu, la kushoto limechanika. Pembe? Nikamwambia tangu lini punda akawa na pembe. Akaandika, akaandika, akanigeuzia fomu niweke dole gumba. Mimi sikuweka. Nikasoma kwanza, polepole, kidole chini ya kila neno: Ng'ombe dume, asiye na pembe.

"Huu ni uongo," nikasema.

Kijana akajifuta jasho. "Mama, umesema kijivu, nimeandika kijivu. Umesema dume, nimeandika dume. Umesema hana pembe, nimeandika hana pembe. Uongo uko wapi?"

"Kwenye neno la kwanza."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akainama karibu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba bila neno hilo la kwanza fomu haiendi popote, na bila fomu mimi nitabeba ndoo mpaka uzeeni. "Mama yangu pia anabeba ndoo," akasema. Nilimwangalia yule mtoto wa watu na viatu vyake. Nikaweka dole gumba. Nilitoka mle darasani na jina langu nimelipata, punda nimempoteza tena, na sikujua kama nimeshinda au nimeshindwa.

Nikajiwekea sharti. Karani aliandika, sawa, ni mkono wake. Mimi mdomo wangu hautamwita punda wangu ng'ombe hata mara moja.

Sharti hilo lilijaribiwa kamati ilipokuja kuhakiki. Walikuja watu watatu nyumbani, mwenyekiti wao mzee mfugaji wa siku nyingi, fimbo mkononi. Nilikuwa nimemwita jirani yangu aje kuwa shahidi. Jirani huyu wazazi wake walitoka Burundi zamani, vita vya kabla ya hivi, na yeye alikulia huku huku, analima mihogo inayoshinda ya kila mtu. Siku zile baadhi ya watu walikuwa wameanza kumwangalia kwa jicho baya, kwa sababu wale waporaji eti walisikika wakiongea lugha ya kwao. Hata kuja kwangu aliona aibu. Nilimfuata nikamwambia, kama ni wewe uliyemwiba punda wangu, mbona mihogo yako inakuja sokoni kichwani? Akacheka, akaja.

Mwenyekiti akasoma fomu. "Ng'ombe dume asiye na pembe. Ndiyo huyu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa," nikasema.

"Alikuwa analima?"

"Alikuwa anabeba maji."

Wale wawili wakatazamana. "Ng'ombe anabeba maji?"

"Huyu wangu alikuwa anabeba. Madumu manne."

Wakamgeukia jirani yangu. Akasimama, akapangusa mikono kwenye kitenge. "Mimi namjua sana. Nimempakia mihogo yangu miaka miwili. Ni mpole, ila kwenye kidaraja anagoma. Na asubuhi anaimba."

"Anaimba?"

"Anaimba! Kijiji chote kinaamka."

Mwenyekiti akaomba kuona mahali mnyama alipokuwa anafungwa. Nikampeleka jikoni. Pale ukutani kulikuwa na ule msumari, na chini yake kamba yangu ya zamani, ile aliyoitafuna ikakatika nikaiacha. Mzee akaiokota, akaangalia kitanzi chake, akakipima kwa vidole.

"Ng'ombe huyu alikuwa na shingo nyembamba," akasema.

"Sana, mzee."

"Na masikio je?"

"Yalikuwa yanatosha, mzee."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Akageukia ukuta akajifanya anakohoa. Alipotoka nje uso wake ulikuwa umetulia, akawaambia wenzake, "Mimi nimefuga ng'ombe maisha yangu yote, na wa namna hii nimewaona. Wekeni sahihi." Mume wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda anasikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nilimwona anatabasamu.

Tukasubiri. Palizi ikapita, mavuno yakapita, ndoo kichwani. Ndipo tukaambiwa treni ya mitamba inakuja. Siku hiyo kijiji kizima kilishika njia, wanaume na kamba zao begani, wanawake na vyakula. Tukapita Misunkumilo jua linachomoza, mpaka stesheni. Treni kutoka Kaliua, wanaoijua wanaijua. Tuliambiwa asubuhi, ikaja alasiri. Niliyajua madirisha yale, nikajikuta natafuta karanga zangu za kuuza.

Mitamba wakashushwa, wazuri, wanang'aa, wanaogopa reli. Afisa mmoja akapanda juu ya sanduku na kipaza sauti, akatoa masharti. Kila mtu ataitwa kwa jina lililo kwenye fomu, mara tatu. Asiyeitika, mnyama wake atachukuliwa na mkuu wa kaya, na ataandikwa mali ya huyo mkuu wa kaya moja kwa moja, hakuna kurudi ofisini kulalamika.

Mume wangu alikuwa wa mwanzo mwanzo. Akaitwa, akapewa wake wanne, akaenda kusimama nao upande wa pili karibu na ghala, kamba nne mkononi, kifua mbele. Mimi nikabaki kwenye kundi la wanawake na jirani yangu, tunatafuna muhindi. Waliendelea kuita. Wanaume, wanaume, wanaume. Jua kali. Nilianza kumsimulia jirani yangu jinsi abiria mmoja alivyowahi kuondoka na sahani yangu ya karanga treni ikiwa inatembea, na mimi nakimbia nayo.

Kipaza sauti kikaita jina la mwanamke. Kimya. Watu wakaangaliana.

"Eti kuna mwanamke," jirani yangu akasema. "Mwanamke mwenye ng'ombe!"

"Na hayupo," nikasema. "Umeona? Siku ya kupewa amelala."

Kikaita mara ya pili. Mimi nikatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mwanamke mjinga huyo. Ng'ombe mzima anapotea hivihivi! Ningekuwa mimi ningelala hapahapa relini tangu jana." Nikang'ata muhindi wangu.

Nawaambia ukweli mtupu, sikulijua. Yule afisa alikuwa mtu wa pwani, alilisoma jina langu kama analisoma kwenye mfuko wa mbolea, na lile nililoandikiwa na karani nalo lilikuwa na herufi zake. Lakini hata angelisoma vizuri sidhani kama lingenifikia. Angeita Mama fulani ningeruka juu.

Ndipo nikamsikia mume wangu.

Alikuwa mbali, kule ghalani, na mitamba wanne wanamvuta. Angenyamaza tu. Kunyamaza tu kidogo, mpaka lile la tatu lipite, na ng'ombe wa tano aliyemtaka mwaka mzima angekuwa wake kwa sheria, mbele ya serikali, na mimi ningemlaumu nani? Badala yake akaita. Aliita jina langu kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, na aliliita vizuri, kama linavyoitwa kwetu, linavyopanda pale mwishoni. Sikujua kama analijua. Miaka yote ile nilidhani alishalisahau siku waliyotoa mahari.

"Wewe!" akaongeza. "Unaitwa wewe! Acha muhindi!"

"Nipoooo!" nikapiga kelele, mpaka mtamba mmoja akakata kamba. Nikakimbia na muhindi mkononi, kitenge kinaburura. Afisa akaniuliza kama ndiye mimi. Nikasema ndiye mimi. Akaniambia niseme jina, nikalisema, safari hii kwa sauti kubwa, nikalirudia bila kuulizwa. Akanikabidhi kamba ya mtamba mwekundu mwenye paji jeupe. Tena mwenye pembe, ndogo, zinaanza.

Nilimpenda, sitasema uongo. Lakini kiuno changu kilikuwa kinanikumbusha kisima. Tuliporudi, pale Misunkumilo tulikutana na bwana mmoja aliyekuwa akisomba matofali kwa punda. Alikuwa na punda jike mwenye mtoto wake, na pembeni punda wengine. Nikasimama. Mume wangu akaona macho yangu yanaelekea wapi.

"Usifanye hivyo," akasema.

"Nafanya."

"Ng'ombe kwa punda! Watu watasema nini?"

"Watasema mke wako ana punda wawili."

Yule bwana wa matofali alidhani namtania. Alipoona sitanii alinipa punda jike, mtoto wake, kamba mbili na dumu la nyongeza, akawahi kuondoka kabla sijabadilisha mawazo. Tukatembea mpaka karibu na kidaraja cha magogo. Punda mpya akavuka bila kugoma, nikaona uchungu kidogo, nikamkumbuka yule wa kwanza na sikio lake. Nikamwambia mume wangu, "Mbona hukunyamaza kule?"

"Wapi?"

"Unajua wapi. Ungepata wa tano."

Akatembea hatua kadhaa. "Ungenisema mpaka nife," akasema. Halafu akaongeza, bila kuniangalia, "Kigoda kinanitosha."

Toka siku hiyo sikukitaja tena kile kigoda mbele ya wageni. Lakini msumari wa jikoni niliukomelea upya, na nikatunga sheria, nikaitangaza kwa jirani, kwa mjumbe wa nyumba kumi na kwa mwenye nyumba: anayetaka kuazima punda anakuja mlangoni na kuniita kwa jina langu. Si Mama fulani, si mayu. Jirani yangu alikuja siku ya pili yake, akaliita kwa lafudhi yake ya Kirundi, tukacheka, akapakia mihogo. Mjumbe alikuja. Mume wangu akakataa katakata. Tangu kupanda mpaka palizi alibeba mbegu na mbolea begani, analalamika mabega, na mimi nampitia na punda wangu wawili nampungia mkono.

Mavuno yalipofika mahindi yakamshinda. Asubuhi moja nikiwa nachochea moto nikasikia mtu anasimama nje ya jiko. Akakohoa. Akasogeza mguu. Akakohoa tena. Nikaendelea kuchochea. Mwishowe akaniita, taratibu, jina langu lote, na pale mwishoni akalipandisha kama inavyotakiwa.

Watoto wote wakatoka mbio ndani ya nyumba kwenda kuangalia ni mgeni gani anayeitwa. Nami nikachukua kamba kwenye msumari.